Pingi, Seva na Fremu: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mchezo wa MOBA kwa Mchezaji wa Dodoma

Mchezaji wa Dodoma anayefungua Dota 2 au Mobile Legends: Bang Bang anaingia katika uwanja ambao haupo Dodoma wala mahali pengine popote nchini. Uwanja huo, pamoja na minara yake, askari wake na mashujaa wote 10, umo ndani ya seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, iliyo ng'ambo, na kinachoonekana kwenye kioo chake ni taarifa ya mambo ambayo seva imekwisha kuyaamua. Mtu akibofya mahali ili shujaa wake aende, amri husafiri hadi kwenye seva, husubiri zamu yake, hutekelezwa, kisha matokeo hurudi na kuchorwa upya. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo inayoitwa pingi, na hupimwa kwa milisekunde.

Mabwenini na kwenye nyumba za kupanga, kila kitu kikikwama husemwa kwamba netiweki ni mbovu, na mazungumzo huishia hapo. Mwongozo huu unashikilia hoja tofauti: ucheleweshaji ni jumla ya vipande vingi vidogo, kila kipande kina chanzo chake, na vile vinavyoweza kupunguzwa bila kumpigia mtu simu vimo zaidi ndani ya chumba cha mchezaji kuliko baharini. Nitatumia Dota 2 kama mfano mkuu kwa wenye kompyuta na Mobile Legends kwa wenye simu, ingawa mengi yatakayoelezwa yanahusu pia League of Legends na michezo mingine ya jamii hiyo.

Hatua ya kwanza: Ielewe seva kabla ya kuilaumu

MOBA (Multiplayer Online Battle Arena) ni mchezo wa timu mbili, kwa kawaida wachezaji 5 kila upande, wanaogombania ramani moja yenye njia tatu na misitu kati yake. Timu hushinda kwa kubomoa jengo kuu la wapinzani baada ya kuvunja minara inayolilinda. Katika Dota 2 kila upande una minara 11, na kundi jipya la askari wadogo hutoka kila baada ya sekunde 30 kwa kufuata saa ya mchezo. Aina hii ilikua kutokana na Defense of the Ancients, ramani iliyotengenezwa na mashabiki wa mchezo wa Warcraft III mwaka 2003. Baadaye zikaja League of Legends ya Riot Games mwaka 2009, Dota 2 ya Valve mwaka 2013 na Mobile Legends ya Moonton mwaka 2016.

Tofauti ya kiufundi kati ya ile ramani ya zamani na michezo ya leo ni kubwa kuliko tofauti ya michoro. Katika Warcraft III kila kompyuta ilikokotoa mchezo mzima yenyewe, na kilichosafiri mtandaoni kilikuwa amri za wachezaji peke yake. Mfumo huo ulitumia data kidogo sana, lakini ulikuwa na madhaifu mawili: mchezaji mmoja mwenye mtandao dhaifu aliwasubirisha wenzake wote, na maadui waliofichika walikuwa tayari wamo katika kumbukumbu ya kompyuta yako, hivyo mdanganyifu alihitaji programu ndogo tu ya kuwafichua. Michezo ya sasa kama Dota 2 imehamishia uamuzi kwenye seva. Kompyuta yako huomba, seva huamua, na mwenye mtandao mbovu huumia yeye na timu yake tu.

Seva yenyewe haifanyi kazi kwa mfululizo kama maji ya bombani. Hukusanya amri zilizofika, huzitekeleza zote kwa pamoja, kisha hutuma hali mpya ya uwanja. Mzunguko mmoja wa kazi hiyo huitwa tiki. Dota 2 na League of Legends huenda kwa tiki 30 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila tiki huchukua takriban milisekunde 33. Amri yako ikifika mara tu baada ya tiki kupita, itasubiri inayofuata, hata kama una mtandao bora kuliko wote Afrika Mashariki. Hakuna mpangilio wa simu wala wa kompyuta unaoweza kuigusa sehemu hiyo.

Seva ndiyo inayotunza pia ukungu wa vita, yaani maeneo ya ramani ambayo timu yako haiyaoni. Katika Dota 2 mchana na usiku hubadilishana kila baada ya dakika 5, na shujaa wa kawaida huona umbali wa vipimo 1,800 mchana na 800 usiku. Adui akiwa nje ya eneo mnaloliona, seva haikutumii habari zake kabisa. Ndiyo sababu mtu akikuletea faili la kufungua ramani yote, lililopokewa kwenye kundi la WhatsApp, lifute hapo hapo: kinachofunguliwa na mafaili ya aina hiyo mara nyingi ni akaunti yako, na hata lile linalofanya kazi katika mchezo wenye ulinzi dhaifu huishia kufungiwa.

Jambo lingine linalotunzwa na seva, na ambalo wachezaji wengi hulinung'unikia bila kulijua, ni bahati. Ustadi wa shujaa unaosemwa una nafasi ya asilimia 25 ya kupiga pigo kali hauchezeshwi kama shilingi inayorushwa. Dota 2 ilirithi kutoka Warcraft III utaratibu ambamo pigo la kwanza huanza na nafasi ya takriban asilimia 8.5, la pili 17, la tatu 25.5, na kuendelea kupanda hadi pigo kali litokee, kisha hesabu huanza upya. Wastani unabaki 25, lakini ukame mrefu wa bahati unapungua. Mchezaji makini huyahesabu mapigo yaliyopita bila bahati kabla ya kuingia vitani.

Hatua ya pili: Chagua seva kwa kupima

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dodoma hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 2,400, hadi Dubai ni karibu 4,000, na hadi Luxembourg, Ulaya Magharibi, ni karibu 7,000. Kwa hiyo hata kama pangekuwa na waya ulionyooka kutoka mlangoni kwako, kwenda na kurudi kusingepungua milisekunde 24 kwa Johannesburg, 40 kwa Dubai na 70 kwa Luxembourg. Huo ni mpaka wa maumbile, na programu zinazouzwa kwa ahadi ya kuleta pingi ya 10 kwenye seva ya Ulaya zinaahidi kisichowezekana.

Hali halisi ni ndefu zaidi. Data inayotoka Dodoma hushuka kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Dar es Salaam, ambako hupokewa na nyaya za baharini kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Kutoka hapo njia hutegemea mikataba ya kampuni yako ya mtandao. Hutokea pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inayokwenda Afrika Kusini ikapelekwa kwanza Ulaya kisha ikarudishwa kusini, na siku hiyo seva ya jirani huwa na pingi kubwa kuliko ya Dubai. Ramani ya dunia ukutani haitakuonyesha hilo.

Ndani ya Dota 2, fungua sehemu ya kuchagua maeneo ya kuchezea. Kila eneo huandikwa pingi yake pembeni. Liangalie kwa siku kadhaa, mchana na usiku, kisha uchague maeneo mawili yasiyozidi, kwa kuwa ukiyaweka alama yote, mfumo unaopanga wachezaji unaweza kukutupa katika eneo la mbali eti kwa sababu mchezo umepatikana haraka. Zingatia pia idadi ya watu: seva ya Afrika Kusini ina wachezaji wachache kuliko ya Ulaya Magharibi, hivyo usiku wa manane foleni yake huwa ndefu. Ukisubiri mno, Dubai au Ulaya Magharibi itakuwa na mchezo ulio sawa zaidi kwa kiwango, ingawa kwa gharama ya milisekunde kadhaa.

Usijisumbue kutafuta anwani ya seva ya Dota 2 ili uipime kwa amri ya kawaida ya kompyuta. Valve hupitisha mawasiliano ya mchezo katika mtandao wake wa ndani. Pakiti zako huingia katika kituo cha karibu cha Valve na kuendelea kwa barabara zake, kwa hiyo namba ya kuamini ni ile inayoonyeshwa na mchezo wenyewe.

Kwa wenye Mobile Legends hatua hii ni fupi, kwa sababu mchezo ndio unaokupangia seva. VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kwanza, haitakusaidia ila katika hali moja adimu, pale ambapo njia ya kampuni yako ni mbovu na ya VPN ni bora. Mara nyingi huongeza kituo kingine njiani na kukuchelewesha zaidi.

Hatua ya tatu: Pima vipande vitatu kwa mpangilio

Hapa ndipo watu wengi hurukia suluhisho kabla ya kujua ugonjwa. Chukua daftari, na upime mara tatu kwa siku: asubuhi, saa 2 usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni, na baada ya saa 6 usiku.

Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta. Katika Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig ili uione anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha andika ping -n 100 ikifuatiwa na anwani hiyo. Utatumiwa majibu 100. Kwa waya, karibu yote yawe chini ya milisekunde 2. Kwa Wi-Fi nzuri yawe chini ya 10. Yakianza kuruka hadi 80 au 200, au mengine yasirudi kabisa, basi tatizo limo chumbani, na kumpigia simu mtu wa huduma kwa wateja ni kupoteza muda wa maongezi.

Kipande cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi nje. Rudia amri ile ile kwa anwani ya 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Usitazame wastani peke yake. Tazama tofauti kati ya jibu la haraka kuliko yote na la polepole kuliko yote, halafu asilimia ya pakiti zilizopotea. Kipande cha kwanza kikiwa safi na hiki kikiwa kibovu, chanzo ni mnara wa simu au kampuni, na ushahidi wa daftari lako wenye saa na tarehe utasikilizwa kuliko malalamiko matupu.

Kipande cha tatu ni namba ya ndani ya mchezo. Dota 2 ina mpangilio wa kuonyesha pingi, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) na upotevu wa pakiti pembeni mwa kioo. Uwashe na uuache. Mobile Legends huonyesha pingi yake kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Ikiwa vipande viwili vya mwanzo ni safi lakini mchezo unakwama, tazama namba ya fremu: ikishuka wakati wa mapigano makubwa, mtandao hauna kosa lolote, kifaa ndicho kilichozidiwa.

Kuna kanuni moja ya kusomea namba hizi ambayo ningependa kila mchezaji wa kanda ya kati aikubali. Pingi ya 150 isiyoyumba ni bora kuliko pingi inayocheza kati ya 80 na 300. Ubongo wa binadamu huzoea kuchelewa kulikopimika. Baada ya muda mfupi mkono hujifunza kubofya mapema kidogo bila kufikiri. Hauwezi kuzoea kuchelewa kunakobadilika kila sekunde. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya seva mbili, chagua iliyo tulivu.

Hatua ya nne: Safisha chumba

Anza na waya. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta huondoa kuyumba kote kunakoletwa na Wi-Fi, na hauna haja ya kuwa wa bei kubwa. Kama waya hauwezekani, tumia mkondo wa 5 GHz badala ya 2.4 GHz. Katika maeneo ya wanafunzi kama Ng'ong'ona, au kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, chumba kimoja huweza kuzungukwa na mitandao mingi ya 2.4 GHz inayosukumana katika chaneli zile zile chache, na kila simu iliyowashwa huongeza kelele. Mkondo wa 5 GHz haupiti vizuri kwenye kuta za tofali, na katika hali hii huo ni uzuri wake: kelele ya jirani haikufikii.

Wanaocheza kwa kompyuta kupitia simu wana dawa rahisi inayosahaulika. Badala ya kuwasha hotspoti na kuunganisha kwa Wi-Fi, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB na uwashe kushiriki mtandao kwa njia hiyo. Umeondoa kipande kizima cha redio, na betri ya simu inajichaji hapo hapo. Iweke simu dirishani upande wenye mnara, na kama mipangilio yake inaruhusu, ilazimishe ibaki 4G, kwa sababu kuruka kutoka 4G kwenda 3G na kurudi huleta mkwamo wa sekunde kadhaa ambao katika mchezo huu ni kifo.

Baada ya hapo, shughulika na wenzako. Adui mkubwa ni anayepakia, kuliko hata anayepakua. Mtu mmoja akituma video ndefu kwa WhatsApp, foleni ya kutoka kwenye ruta hujaa, na amri zako ndogo za mchezo husubiri nyuma ya video hiyo. Ruta nyingi zina mpangilio wa kukipa kifaa kimoja kipaumbele; ukikosekana, itabidi kukubaliana na wenzako kwa maneno ya heshima. Kwenye simu yako mwenyewe, zima kuhifadhi picha mtandaoni na masasisho ya programu nyingine wakati unacheza.

Mobile Legends ina mipangilio miwili ya mtandao inayofaa kujaribiwa: mmoja huharakisha mawasiliano na mwingine hutumia Wi-Fi na data ya simu kwa wakati mmoja, ili moja likiyumba lingine lishike. Huo wa pili hula bando, lakini kwa mwenye Wi-Fi ya kubahatisha una thamani.

Hatua ya tano: Fremu, joto na vumbi

Fremu ni picha zinazochorwa kila sekunde. Kwa fremu 30, kila picha hukaa takriban milisekunde 33. Kwa fremu 60, hukaa takriban 17. Tofauti hiyo ya milisekunde 16 huipati kwa kubadilisha kampuni ya mtandao, lakini unaweza kuipata bure kwa kupunguza mapambo. Katika Dota 2, zima vivuli na ubora wa maji na majani kwanza, kisha punguza kiwango cha uchoraji wa uwanja hatua kwa hatua hadi fremu zitulie. Maandishi na ramani ndogo vitabaki vikali kwa sababu huchorwa kivyake. Zima pia usawazishaji wa fremu na kioo, kwani hulainisha picha kwa kuichelewesha. Kwenye simu, mpangilio sahihi ni michoro ya chini na kasi ya juu ya fremu. Wengi hufanya kinyume chake kwa ajili ya uzuri wa picha, na huo ni ubadhirifu.

Weka ukomo wa fremu. Kioo kinachojichora mara 60 kwa sekunde hakifaidiki sana na fremu 140, lakini kompyuta mpakato itatumia nguvu zote kuzitengeneza, itapata joto, kisha itajipunguzia kasi yenyewe katikati ya pambano la dakika ya 35.

Joto ni suala la kiufundi hapa Dodoma kuliko linavyosemwa katika miongozo ya wenzetu wa nchi za baridi. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, chumba chenye paa la bati huchelewa kupoa hata baada ya jua kuzama, na upepo wa miezi ya kiangazi hupeleka vumbi laini ndani ya kila tundu. Vumbi hilo hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto, na kompyuta iliyokuwa ikitoa fremu 60 mwezi wa tatu hutoa 35 mwezi wa kumi bila sababu inayoonekana. Ifungue, au mpelekee fundi unayemwamini, isafishwe kwa hewa ya kupuliza huku feni imeshikwa isizunguke, na gundi ya kupozea prosesa ibadilishwe kama imekauka. Inua sehemu ya nyuma ya kompyuta kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite chini yake, na kamwe usiiweke juu ya godoro.

Simu nayo ivuliwe kava wakati wa kucheza, na isichajiwe kwa chaja ya kasi huku mchezo unaendelea, kwa kuwa joto la betri na joto la prosesa hujumlishwa na mfumo hujibu kwa kupunguza kasi.

Hatua ya sita: Bando na masasisho

Mchezo wenyewe hauli data nyingi, na hesabu yake ni rahisi. Tuchukulie seva inatuma pakiti 30 kwa sekunde, kila moja ya baiti 500: hizo ni baiti 15,000 kwa sekunde, sawa na MB 54 kwa saa. Mchezo wa dakika 40 utakuwa umepokea kama MB 36. Hata hesabu hiyo ikiongezeka mara mbili, bado ni ndogo kuliko video fupi chache.

Kinachomaliza bando ni kupakua. Dota 2 huomba takriban GB 60 za nafasi kwenye diski, na masasisho yake makubwa huja kwa GB. Katika Steam, programu ya Valve ya kupakulia na kufungulia michezo, panga masasisho yafanyike saa za bando la usiku pekee, na weka ukomo wa kasi ya kupakua ili mwenzako anayecheza asikwamishwe.

Kwa wanaoishi pamoja kuna njia bora zaidi, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Tangu mwaka 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja kwenda nyingine iliyo kwenye ruta ile ile. Mmoja anapakua sasisho, kisha wengine hulichukua kwake kwa kasi ya waya au Wi-Fi ya ndani bila kutumia data ya nje isipokuwa kidogo ya uhakiki. Fungua mipangilio ya upakuaji katika kompyuta zote, ruhusu uhamishaji kwa marafiki, hakikisha mmeongezana kama marafiki, na kompyuta yenye sasisho iwe imewashwa bila kucheza. Chumba cha watu wanne kitalipia sasisho moja badala ya manne.

Hatua ya saba: Panga vidhibiti na mashujaa kulingana na pingi iliyobaki

Baada ya kufanya yote hayo, kutabaki kiasi ambacho hakiondoki. Katika michezo ya kupigana risasi, kompyuta hubashiri mwendo wako na kukuonyesha unasogea papo hapo. Michezo mingi ya MOBA haifanyi hivyo: shujaa hasogei hadi seva iseme. Shujaa mwenye mwendo wa vipimo 300 kwa sekunde husogea vipimo 54 ndani ya milisekunde 180, kwa hiyo adui unayemwona tayari hayupo pale unapomwona. Ustadi unaolenga mahali urushwe mbele ya njia yake, si juu ya mwili wake.

Washa kwanza utupaji wa haraka, ili ustadi utoke mara tu unapobonyeza kitufe bila kusubiri kubofya kwa pili. Kisha jifunze kupanga amri kwa foleni. Katika Dota 2, ukishikilia kitufe cha Shift huku ukitoa amri kadhaa, foleni yake hukaa kwenye seva na kutekelezwa moja baada ya nyingine pale pale. Mchezaji mwenye pingi ya 180 anayeruka kwa kisu cha kuhamia (Blink Dagger) kisha akasubiri aone ametua ndipo apige, humpa adui muda wa safari nzima ya kwenda na kurudi. Akipanga kuruka na kupiga kwa foleni, seva itavifuatanisha bila kumsubiri, na mtu wa Dodoma atakuwa amepiga kwa kasi karibu sawa na ya mtu anayeishi jirani na seva. Sijaona mbinu nyingine inayofidia umbali kwa kiasi hicho.

Wakati wa kuua askari wadogo kwa pigo la mwisho, usisubiri uhai wao ufike pale unapotaka. Kila shujaa ana muda kati ya kuinua silaha na pigo kutoka. Jumlisha muda huo na pingi yako, na utaona kwa nini mtu anayesubiri kuona kwanza huchelewa daima. Fanya mazoezi haya kwenye seva utakayochezea kweli, kwa kuwa mazoezi dhidi ya kompyuta yako mwenyewe hayana pingi na yatakufundisha mwendo usio sahihi.

Uchaguzi wa shujaa ni sehemu ya mipangilio. Katika Dota 2, Lion, ambaye ustadi wake wa kumgeuza adui kuwa mnyama hulenga mtu moja kwa moja na hutoka bila maandalizi, au Wraith King, ambaye hana vitufe vingi, huvumilia pingi kubwa. Invoker, Earth Spirit na Meepo huadhibu kila milisekunde. Katika Mobile Legends, Tigreal anafaa kwa mtandao wa kubahatisha, ilhali Fanny, anayeruka kwa kamba ukutani hadi ukutani, hafai kabisa mpaka pingi itulie kijani.

Hatua ya nane: Umeme ukikatika

Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na nguvu ndogo, hivyo UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, huweza kuibeba kwa saa kadhaa. Kompyuta mpakato ina betri yake. Hivyo viwili vinatosha kumaliza mchezo gizani, mradi mnara wa simu au kifaa cha kampuni mtaani nacho kina umeme wa akiba. Wakati wa radi za masika, chomoa waya wa UPS ukutani na uiache ruta iendelee kwa betri ya UPS.

Ukikatika kabisa, usifungue mchezo mpya. Seva ya Dota 2 inashikilia nafasi yako, na una jumla ya dakika 5 za kuwa nje kabla ya kuhesabiwa umeutelekeza mchezo; waombe wenzako wasimamishe mchezo ukiona umeme unayumba, maana dakika hizo hujumlishwa kila unapotoka. Washa data ya simu, unganisha kwa USB, ingia Steam na ubonyeze kurudi mchezoni. Hotspoti iwe imekwisha kuandaliwa na nywila yake imehifadhiwa, kwa sababu kuitafuta kwenyewe kunaweza kula dakika mbili. Katika Mobile Legends, kutoweka hupunguza alama za uaminifu, na zikishuka sana hutaruhusiwa mechi za daraja.

Kuna siku ambazo hakuna la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo, mkiwa chumba kimoja na mmefanikiwa kuingia Steam, fungueni chumba cha faragha cha Dota 2 na mchague kompyuta ya mmoja wenu iwe mwenyeji. Chagueni iliyo na prosesa yenye nguvu kuliko nyingine na iliyounganishwa kwenye ruta kwa waya, kwa kuwa itabeba kazi ya seva na ya mchezaji kwa wakati mmoja, na nafasi zinazobaki zijazwe na wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta.